Taa ya sola ya kuua mbu: soma hii kabla ya kutuma dipoziti

Mvua ikishapiga wiki mbili hivi, simu zetu huanza kujaa tangazo moja. Taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, kipaneli cha sola kimekaa juu yake kama kofia, na video ya wadudu wakilipuka tap, tap, tap. Maneno ni yale yale: maliza mbu nje ya nyumba, bila stima, bila moshi, bila dawa. Lipa dipoziti leo, inayobaki lipa polepole kwa simu.

Maswali tunayoulizwa kuhusu taa hizi karibu yote ni ya malipo. Hii Till ni ya kweli? Nikilipa na mzigo usifike, nitarudishiwa? Kwa nini bei ya polepole ni kubwa hivi? Tutayajibu hapa chini. Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, na ndilo watu wengi huruka: hiyo taa inaua mbu kweli? Maana unaweza kulipa kwa njia salama kabisa, kwa muuzaji mwaminifu kabisa, na bado ukawa umepoteza pesa kwa sababu kitu chenyewe hakifanyi kazi uliyokinunulia.

Na tuseme ukweli mapema. Sisi ni kampuni ya malipo. Ukilipa, muamala kwetu ni muamala, iwe taa imefanya kazi au imelala. Ndiyo maana tumeona afadhali tukuambie haya kabla hujaweka PIN.

Mimi ninayeandika hapa nimewahi kununua moja. Niliitundika kwenye veranda, pale tunapokaa jioni watoto wakimaliza kula. Usiku wa kwanza ilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza ni nini. Asubuhi nikavuta kile kisahani cha chini na kukuta kimejaa. Nilifurahi sana, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu ya familia. Shida ni kwamba miguu ilikuwa bado inawasha. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Siku ya nne nikamwaga kile kisahani kwenye karatasi nyeupe na kuanza kuangalia vizuri kwa tochi ya simu. Kulikuwa na nondo wadogo, mbawakawa, kumbikumbi waliopoteza mbawa, na vidudu vya kijani ambavyo sijui jina lake. Mbu niliowatambua hawakufika watano. Na hao wote nilikuwa nimewahesabu kama mbu.

Mbu hafuati taa, anafuata pumzi

Anayeuma ni mbu jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa utamu wa maua na hana haja nawe. Sasa, huyu jike akitafuta damu usiku hatafuti mwanga. Anatafuta kitu chenye damu, na kitu chenye damu hupumua. Kila ukitoa pumzi unaachilia hewa ya kabonidioksaidi, ambayo husambaa na upepo kama harufu ya samaki anayekaangwa. Mbu huinusa kutoka mbali, anaifuata kinyume cha upepo, na akikaribia anaanza kusikia harufu ya jasho na miguu, kisha joto la ngozi. Kwa huyo mbu taa ya zambarau ni pambo tu, na wewe uliyekaa chini yake ndiye chakula.

Swali hili lilishapimwa zamani. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, Timothy Frick na Douglas Tallamy, walihesabu wadudu waliouawa na taa sita za aina hii zilizowashwa kwenye makazi ya watu msimu wa kiangazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996. Jumla ya wadudu waliouawa ilikuwa 13,789. Waliokuwa wa kuuma, mbu wakiwemo, walikuwa 31. Si 31 kwa kila mia. Ni 31 kwa jumla, yaani chini ya robo ya asilimia moja.

Wengine walikuwa nani? Karibu nusu, 6,670, walikuwa wadudu wanaozaliwa kwenye maji ambao hawaumi mtu. Wengine 1,868 walikuwa wadudu wanaokula wadudu wenzao, wale ambao mkulima angetamani wabaki shambani.

Hiyo nusu ya wadudu wa majini inafaa kuangaliwa vizuri na yeyote anayeishi karibu na Ziwa Victoria. Ukikaa Mbita, Homa Bay, Usenge au Port Victoria unawajua wale wadudu wa ziwani wanaotoka kwa mawingu, kama moshi juu ya maji, halafu usiku wanafunika kila balbu ya soko. Ni wadogo, wana miguu mirefu, na mtu asiyewazoea huapa kwamba ni mbu. Hawaumi. Lakini taa wanaipenda mno. Wavuvi wa omena wanalijua jambo hili kuliko sisi: taa ikiwashwa katikati ya ziwa, wadudu wanakuja, omena nao wanakuja. Sasa mtundikie mtu wa Mbita taa ya zambarau nje ya nyumba. Kwa saa moja kisahani kitajaa, na atakupigia simu kukuambia kwamba hajawahi kununua kitu kizuri kama hicho. Muuzaji hahitaji hata kudanganya. Kisahani kinamfanyia kazi hiyo.

Kuna msomaji atakayesema, lakini watu wa utafiti wa malaria si hutumia mitego ya taa? Ni kweli, wanaitumia, ndani ya nyumba. Lakini wanaitundika kando ya mtu aliyelala ndani ya neti. Mtu ndiye chambo. Mbu anakuja kwa ajili ya mtu, anakuta neti, anazungukazunguka, na kifeni kidogo cha mtego kinamvuta ndani. Ukimwondoa yule mtu, mtego huo hupata mbu wachache. Kwenye veranda yako hakuna neti katikati: mbu anayekuja akifuata pumzi yako anakukuta wewe wazi, na taa iko mita mbili juu.

Kisa cha Rusinga

Usielewe kwamba sola na mbu haviendi pamoja. Jaribio moja kubwa kabisa la kupambana na mbu kwa nguvu za sola lilifanyika hapa kwetu, kisiwani Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Mradi uliitwa SolarMal, na ulihusisha icipe, ambao wana kituo chao pale Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi. Kati ya 2013 na 2015 nyumba zaidi ya 4,000 ziliwekewa paneli ya sola juu ya paa. Paneli hiyo iliendesha vitu vitatu: balbu za ndani, mahali pa kuchaji simu, na mtego wa mbu uliotundikwa nje ya nyumba.

Mtego wenyewe haukuwa na mwanga wa zambarau wala nyaya za kuchoma. Ulikuwa na kifeni cha kuvuta hewa na chambo cha harufu: vipande vya nailoni vilivyoloweshwa dawa zilizochanganywa zinuke kama binadamu, pamoja na kemikali inayofanya kazi ya ile kabonidioksaidi ya pumzi. Mbu alikuwa anadanganywa kwa pua, si kwa macho.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016. Mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye ni msambazaji mkubwa wa malaria kisiwani humo, alipungua kwa karibu asilimia 69. Watu waliopimwa na kukutwa na malaria walikuwa asilimia 23.7 kwenye maeneo yenye mitego na asilimia 34.5 kwenye maeneo ambayo mitego ilikuwa bado haijafika. Na kumbuka, watu wa Rusinga hawakuacha neti. Mitego iliongezwa juu ya neti na matibabu, haikuchukua nafasi yake.

Tumeleta kisa hiki kwa sababu wauzaji wengine hutumia maneno kama "teknolojia ya sola iliyothibitishwa". Kilichothibitishwa Rusinga ni harufu, kifeni, na kisiwa kizima kutumia mitego pamoja. Paneli ilikuwa ya kuzungusha kifeni tu. Kwa hivyo ukiambiwa kifaa ni cha sola, hapo umeambiwa kinapata wapi umeme. Bado hujaambiwa kinamvutaje mbu, na hilo ndilo la kumuuliza muuzaji. Akijibu "kwa mwanga", basi una jibu lako.

Taa hii inafaa kwa nini basi?

Tusiidharau yote. Inaua wadudu wanaopenda mwanga, na wako wengi: nondo, kumbikumbi wa msimu wa mvua, mbawakawa wanaogonga ukuta. Kama kinachokusumbua ni hao, sawa. Nyingi pia zina swichi ya mwanga mweupe, na kama taa ya kawaida ya choo cha nje au ya kuku zinasaidia.

Lakini kuna mahali ambapo hatutaki kabisa uitundike, nayo ni juu ya chakula. Tumeona vibanda vya chipsi na vya samaki vikiwa nazo juu kabisa ya karai. Mdudu akipigwa na umeme hafi akaanguka mzima. Hupasuka, na vipande vidogo sana hutawanyika hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, walionyesha kwamba nzi aliyebeba bakteria au virusi akipigwa na kifaa kama hiki huvitawanya kwenye hewa iliyo karibu. Nzi wa kibandani katoka wapi kabla ya kufika kwako, wewe unajua. Iweke mbali na meza, mbali na mteja, na isiwe upande ambao upepo unatoka.

Jambo jingine ni betri. Zile za bei ya chini huwa na kipaneli kidogo kama biskuti. Tuseme ni cha nusu wati. Kikipata jua kali saa 5 kwa siku, umevuna wati-saa 2.5, na humo utoe zinazopotea njiani. Mwezi wa mvua, ambao ndio mwezi wenye mbu, jua lenyewe halipo. Ndiyo maana taa nyingi huwaka vizuri hadi saa tatu za usiku, halafu zinafifia, wakati mbu wa malaria wengi huuma usiku wa manane kuelekea alfajiri.

Na wale wa Mombasa, Malindi na Kilifi wana mbu wa pili wa kufikiria. Aedes aegypti, anayebeba dengi na chikungunya, huuma mchana. Mombasa imeshapata milipuko ya magonjwa yote mawili, dengi mwaka 2013 na chikungunya 2017 hadi 2018. Taa inayojiwasha giza likiingia haimhusu mbu huyo hata kidogo. Yeye ana shughuli zake saa tatu asubuhi nyuma ya tangi la maji.

Hesabu ya lipa polepole

Tuseme taa moja ni shilingi 2,400 ukilipa taslimu. Kwa mpango wa polepole unaambiwa: dipoziti 400, halafu shilingi 30 kwa siku, siku 120. Shilingi 30 ni nini? Ni chini ya nauli ya boda. Hapo ndipo watu wengi tunaingia.

Sasa zidisha. Thelathini mara 120 ni 3,600. Ongeza dipoziti, umefika 4,000. Tofauti na bei ya taslimu ni 1,600, yaani theluthi mbili ya bei yenyewe, kwa miezi minne tu. Hatusemi mpango wa polepole ni mbaya. Kuna watu wengi wamepata simu, balbu za sola na hata tenki la maji kwa njia hii, na wasingeweza kuvipata kwa mkupuo. Tunachosema ni uzidishe kwanza, uandike ile jumla kwenye karatasi kubwa, kisha ujiulize kama ungeitoa mfukoni leo kwa kitu hicho hicho.

Angalia pia ada. Kuna Paybill ambazo ada ya kulipia iko juu ya muuzaji na kuna ambazo iko juu yako. Kama iko juu yako, kulipa 30 kila siku ni kulipa ada mara saba kwa wiki. Lipa 210 mara moja kwa wiki, kama mkataba unaruhusu. Na usichukue mkopo wa simu ili kulipa kifaa cha mkopo. Hapo unalipa gharama mbili kwa taa moja.

Hizo 4,000 zingefanya nini kingine

Hapa nitaongea kama mzazi. Malaria haikusubiri umalize siku zako 120. Kwenye kaunti za ziwa na za pwani, mtoto chini ya miaka mitano au mama mjamzito akiumwa, ni hatari ya maisha, na pia ni gharama: nauli ya kwenda hospitali, siku za kazi zilizopotea, kibanda kilichofungwa.

Kitu cha kwanza hakigharimu chochote. Mama mjamzito na mtoto chini ya mwaka mmoja kwenye kaunti zenye malaria hupewa neti yenye dawa bure kliniki. Iulizie. Ukiambiwa zimeisha, uliza lini zitafika, na urudi. Neti ikitoboka, shona. Usingoje ugawaji mwingine.

Cha pili ni madirisha na ule mwanya kati ya ukuta na paa. Mbu wengi wa malaria huingia nyumbani kupitia mwanya huo, kwa sababu hewa ya pumzi za waliolala hutokea hapo. Wavu wa plastiki wa dirisha unauzwa kwa mita kwenye hardware yoyote. Dirisha langu la futi tatu kwa tatu lilinigharimu chini ya mia tano, pamoja na misumari na vibao vya kubana, na nililiwamba mwenyewe bila fundi. Shilingi 4,000 zinafika madirisha kadhaa.

Nje, ambako ndiko taa ilikuwa ikuokoe, kinachosaidia ni vitu visivyovutia macho. Suruali ndefu na soksi jioni. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET, icaridin au IR3535. Soma kiungo kwenye lebo na uangalie namba ya usajili wa Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB. Na feni. Ukiwa na stima au sola ya nyumbani yenye nguvu kidogo, feni ya kawaida ikipuliza kuelekea miguuni inafanya kazi kuliko hiyo taa, kwa sababu mbili: mbu ni mrukaji dhaifu na hawezi kushindana na upepo, halafu upepo huo unatawanya pumzi yako na kumpoteza njia. Mama anayeuza usiku huku kibanda kikiwa wazi pande tatu, hii ndiyo ningemshauri kwanza.

Kisha maji. Yai la mbu hadi mbu mzima huchukua kama wiki moja hadi mbili kukiwa na joto. Kwa hivyo ukimwaga maji yaliyotuama mara moja kila wiki, siku ile ile, viluwiluwi hawamalizi safari. Kagua matairi, jerikeni zilizokatwa, sahani za chini ya maua, mfuniko wa tangi, na ule mfereji wa paa uliojaa majani. Kwenye ploti ya nyumba kumi mkikubaliana Jumamosi asubuhi kila mtu akague kwake, inachukua nusu saa. Jirani mmoja asipokubali, mbu wake watawafikia wote, kwa hivyo mwendeeni kwa upole.

Na mtu akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Tone moja la damu kwenye kidole, majibu ni dakika chache. Wahudumu wa afya wa jamii katika kaunti nyingi zenye malaria wanaweza kupima papo hapo mtaani. Usinunue dawa kwa kubahatisha, na usiseme "haiwezi kuwa malaria, siku hizi tuna ile taa".

Ukiamua kununua hata hivyo

Ni pesa zako. Basi zilinde hivi.

Muuzaji wa mtandaoni anayetaka umtumie pesa kwenye namba ya kawaida ya simu, tena "harakaharaka ofa inaisha saa sita", mwache. Duka lenye biashara ya kweli huwa na Till au Paybill. Hata kwa Till, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kama ukurasa unaitwa jina la duka na jina linalotokea ni la mtu tofauti kabisa, simama. Muulize. Jibu kama "hiyo ni ya mhasibu wetu" halitoshi.

Lipa mzigo ukifika, kama inawezekana. Mwambie wa boda asubiri dakika mbili, washa taa, ifunike kwa leso iwe giza uone kama inajiwasha, ndipo ulipe. Angalia alama ya ubora ya KEBS kwenye boksi. Kama ina namba ya kibali, tuma SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwenda 20023 na utajibiwa ni bidhaa ya nani. Jina likija ni la sabuni, unajua umeshika nini.

Kuhusu kurudishiwa pesa, wengi hawaelewi hapa. Ukikosea namba, omba urejesho papo hapo, kwa sababu tunaweza kuzuia pesa zilizo bado kwenye akaunti ya aliyepokea, lakini zikishatolewa kwa wakala hakuna tunachoweza kuzuia. Ila urejesho ni wa muamala uliokosewa. Bidhaa mbovu, au bidhaa ambayo haikufanya ulivyotarajia, ni jambo kati yako na muuzaji, na hapo silaha yako ni ushahidi: ujumbe wa muamala, picha ya tangazo pamoja na ahadi zake, na mazungumzo yenu. Usifute chochote. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa haki dhidi ya muuzaji aliyetoa ahadi za uongo, lakini ni wewe wa kuonyesha aliahidi nini.

Ukianza kulalamika mtandaoni, jitayarishe kwa simu ya pili. Mtu atapiga akijiita huduma kwa wateja, atasema urejesho wako uko tayari, ataje hadi kiasi ulicholipa. Atatuma ujumbe unaofanana na wetu, kisha aombe PIN au akuombe "urudishe kilichozidi". Angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu, usiamini ujumbe peke yake. Sisi hatuombi PIN, kwa simu wala kwa ujumbe, hata tukiwa tunakurudishia.

Kama umeshanunua na deni bado lipo

Usiache kulipa kimyakimya kwa hasira. Mikopo mingi ya aina hii inaripotiwa kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, na taa ya 2,400 isikuzuie kupata mkopo wa biashara mwaka ujao. Muombe muuzaji akuandikie kiasi kilichobaki na kama kuna punguzo ukimaliza mapema. Wengine hupunguza, na usipouliza hawakwambii. Lipa, upate ujumbe kwamba akaunti imefungwa, uuhifadhi.

Taa yenyewe itoe pale mnapokaa. Ipeleke mbali, mwisho wa ploti au nyuma ya banda la kuku, ili wadudu wanaopenda mwanga wavutwe huko badala ya kwenye sahani zenu. Yangu sasa inakaa karibu na geti, kwenye swichi ya mwanga mweupe. Inatusaidia kuona kufuli.